Mashine Inayorudia Sauti: Kwanza Upange Mguu, Kisha Uimbe

Tuseme pamba imekwisha kupimwa na fedha zimelipwa. Baba mmoja amekaa nje ya nyumba yake, katika kijiji kisicho mbali na Bariadi. Ada ya shule ameitenga, fedha za mbegu amezitenga, na kilichobaki amekishika mkononi. Mara kijana wake wa kwanza, mpiga gitaa, aja, amwamkia, aketi chini.

"Baba, naomba unisaidie kununua mashine."

"Mashine ya kusaga?"

"La, Baba. Mashine ya kurudia sauti. Naiweka chini, naikanyaga kwa mguu, napiga gitaa langu. Yenyewe yaishika sauti na kuirudia. Kisha naongeza sauti nyingine juu ya ile ya kwanza. Mtu mmoja huwa kama bendi nzima. Katika arusi watanilipa."

Baba anyamaza kidogo. "Na wenzio unaoimba nao, je? Watakwenda wapi?"

Kijana akosa jibu.

Ndugu wasomaji, mazungumzo ya namna hii yaweza kutokea leo katika nyumba nyingi za mkoa wetu wa Simiyu, maana vijana huviona vitu hivi katika simu zao na kuvitamani. Yafaa basi mzazi ajue mashine hiyo ni kitu gani, na kijana ajue jinsi ya kuitengeneza kabla hajasimama mbele ya watu. Wengi huinunua, huiwasha, na siku ya kwanza huaibika. Kosa haliko katika vidole vyao. Liko miguuni.

KITU CHENYEWE

Mashine hii ni kisanduku cha chuma chenye pedali moja au zaidi. Waya wa gitaa au wa kipaza sauti waingia upande mmoja, na waya mwingine watoka kwenda kwenye amplifaya. Ukikanyaga mara ya kwanza, mashine huanza kunasa sauti. Ukikanyaga mara ya pili, hufunga kitanzi: sauti uliyopiga hurudi toka mwanzo, ikifika mwisho hurudi tena, na tena, mpaka uizuie. Kitanzi hicho wanamuziki hukiita lupu. Juu ya lupu ya kwanza waweza kuweka ya pili, na ya tatu.

Fikira hii si ya jana. Huko Marekani, mpiga gitaa Les Paul na mkewe Mary Ford walitoa mwaka 1951 sahani ya "How High the Moon". Gitaa zilisikika nyingi na sauti za kuimba nyingi, kumbe watu ni wawili tu. Walijinasa mara nyingi, sauti juu ya sauti. Lakini kazi ile ilifanyika nyumbani kwa utaratibu, si mbele ya watu. Baadaye mafundi walipunguza mitambo mpaka ikawa kisanduku cha kukanyaga. Mwaka 2001 kampuni ya Boss ya Japani ilitoa kimoja kiitwacho RC-20, na watu wengi wakajifunzia hicho. Mwimbaji Mwingereza Ed Sheeran alianza na vyombo vya jinsi hii. Na Julai 2015 aliimba siku tatu katika uwanja wa Wembley, London, mbele ya makumi elfu ya watu, akiwa na gitaa na pedali zake, bila bendi nyuma yake.

KWETU TWALIJUA JAMBO HILI

Lakini tusidhani kwamba kurudia sauti ni akili ya Wazungu au Wajapani peke yao. Nani asiyeijua ngoma ya majembe, bugobogobo? Ngoma yalia, majembe yapanda pamoja, yashuka pamoja. Mmoja aongoza wimbo, wengine waitikia maneno yale yale, na shamba lalimwa. Kinachorudiwa ndicho kinachowashika watu wote pamoja.

Tazama tena bendi za Kongo na bendi zetu za dansi. Gitaa la kwanza, liitwalo ridhimu, larudia mpigo mmoja bila kuchoka. La pili lajaza katikati. La tatu, solo, lapaa juu na kucheza. Na yule Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, aliyenaswa na Hugh Tracey mwaka 1952, hakuwa na mashine yo yote. Kidole gumba chake kilipiga besi, kidole cha shahada kikapiga wimbo, na asiyemwona angeapa kwamba wapigaji ni wawili.

Kwa hiyo, kijana anayetaka kujifunza mashine hii aanze na utaratibu huo huo: kwanza ridhimu, kisha ya kujaza, mwisho solo. Wala solo asiinase. Solo aipige kwa mkono wake ikiwa hai, ama sivyo watu watachoka kuisikia kabla sahani za pilau hazijaisha.

MASHINE HAIJUI KUSAMEHE

Hapa ndipo penye neno kubwa. Mpiga gitaa akikosea katika bendi, kosa hupita. Wenzake humfunika, na baada ya dakika hakuna akumbukaye. Bali mashine haifanyi hivyo. Ukichelewa kidogo kuifunga, basi kila ikirudi itachechemea pale pale. Ukikohoa wakati inanasa, utakohoa mara arobaini mbele ya wakwe. Mashine hutoa kile kile ilichopewa.

Kwa sababu hiyo kazi ya mguu ina thamani kuliko mashine yenyewe. Mguu usikanyage baada ya pigo la kwanza, wala kabla yake; ukanyage juu yake. Kama wimbo wahesabiwa moja, mbili, tatu, nne, basi unaanza kunasa kwenye "moja", na unafunga kwenye "moja" inayofuata, si kwenye "nne". Wengi hukosea hapo: hungoja wasikie mwisho, kumbe mwisho wa kitanzi ndio mwanzo wake. Mcheza ngoma aliyevaa njuga miguuni alijua tangu utoto kwamba mguu hautui ovyo. Afanye vivyo hivyo na pedali.

Mazoezi yake ni rahisi. Usishike gitaa kwanza. Kaa na mashine, piga makofi manne, funga, sikiliza. Kama makofi yanarudi sawasawa, vema. Kama yanachechemea, futa, anza tena. Ukifaulu mara kumi mfululizo, ndipo uchukue gitaa.

KILA PEDALI NA KAZI YAKE

Mashine ndogo ina pedali moja tu, na pedali hiyo hufanya kazi zote: kukanyaga mara moja ni kunasa au kuongeza, kukanyaga mara mbili upesi ni kuzuia, kushikilia chini ni kutengua. Ni nzuri kwa kujifunza, lakini mbele ya watu mguu wenye haraka huweza kukanyaga mara mbili pale ulipotaka mara moja. Mashine kubwa ina pedali nyingi. RC-600, kwa mfano, iliyotoka mwaka 2021, ina swichi tisa za mguu na njia sita za sauti, na kila swichi mwenyewe huweza kuichagulia kazi. Hapo ndipo watu hupotea, maana uhuru mwingi bila utaratibu ni fujo.

Ziko kanuni chache za kushika.

Ya kwanza: pedali chache zatosha. Kwa nyimbo za arusi zatosha nne: ya kunasa na kuongeza, ya kuzuia, ya kutengua lile la mwisho, na ya kwenda wimbo unaofuata. Nyingine ziache bila kazi. Pedali isiyo na kazi haiwezi kukuaibisha.

Ya pili: kazi zisihamehame. Kama pedali ya kushoto ni ya kunasa katika wimbo wa kwanza, na iwe ya kunasa katika wimbo wa mwisho. Mguu hauna macho. Hujifunza njia kama ng'ombe ajuavyo njia ya kisimani. Ukimbadilishia njia kila siku, atapotea.

Ya tatu: ya kufuta yote isikae jirani na ya kunasa. Nayo iwekwe iwe ya kushikiliwa chini kwa muda, si ya kugusa mara moja. Hivyo kiatu kikiteleza, wimbo hautapotea.

Ya nne: angalia mashine yafuata utaratibu gani baada ya kufunga kitanzi. Nyingine huanza kucheza tu. Nyingine huendelea kunasa moja kwa moja, tayari kwa sauti ya pili. Anayeanza achague ile ya kucheza tu, maana ile nyingine itanasa hata maneno atakayomnong'oneza mwenzake. Katika mashine nyingi jambo hili hubadilishwa ndani ya mipango yake.

Ya tano: chagua namna ya kusimama. Mashine nyingi huweza kukata papo hapo, au kumaliza kitanzi kwanza, au kufifia pole pole. Kwa wimbo wa kucheza, imalize kitanzi, watu wasikatwe mguu juu. Kwa wimbo wa kumpokea bibi arusi, ifie pole pole. Lakini lazima ujue pia njia ya kukata papo hapo. Mzee akisimama kusema neno, au mama akianzisha sala, si adabu kumwambia angoje kitanzi kiishe.

VYUMBA VYA KUMBUKUMBU

Mipango hiyo yote huwekwa akiba katika vyumba vya kumbukumbu vyenye nambari. Mashine nyingi za leo zina vyumba 99. Kila chumba hushika mwendo wa wimbo, kazi za pedali, namna ya kusimama, na hata lupu iliyonaswa ukitaka.

Usivijaze vyote. Chukua nyimbo sita utakazopiga siku ile, uzipange kwa taratibu ya sherehe: chumba cha 1 ni kumpokea bibi arusi, cha 2 ni kuingia kwa wazazi, cha 3 ni zawadi, na kuendelea. Chumba cha mwisho kiache kitupu, chenye kazi za pedali tu, kwa wimbo utakaoombwa ghafla. Kisha andika orodha kwa herufi kubwa katika karatasi, uibandike mahali unapoweza kuisoma umesimama.

Sasa sikia kosa ambalo limewaliza wengi. Mtu hupanga kila kitu jioni nzima, halafu huzima mashine bila kuhifadhi. Asubuhi hukuta mambo ni kama yalivyokuwa dukani. Au hunasa lupu nzuri, hukanyaga kwenda chumba kingine, na lupu ile hupotea kama haikuhifadhiwa. Basi baada ya kila badiliko, hifadhi. Kisha zima mashine, iwashe tena, uangalie kama imekumbuka. Hilo ndilo jaribio la kweli.

Na kama unaongeza swichi za nje, ujue ziko za namna mbili. Moja ni kama honi ya gari: hulia ukibonyeza, hunyamaza ukiachia. Nyingine ni kama swichi ya taa: ukibonyeza hukaa, mpaka ubonyeze tena. Mashine ikitaka ya honi nawe ukaitia ya taa, itakutii mara moja na mara ya pili itakukataa, nawe utadhani imeharibika. Uliza kabla ya kununua. Tena waya wa swichi mbili pamoja si waya wa kawaida wa gitaa. Ni ule wa njia mbili, wenye pete mbili nyeusi kichwani.

Wengine hutumia ubao wa swichi wa kampuni nyingine, wenye kuzungumza na mashine kwa lugha iitwayo MIDI, iliyoanza kutumika mwaka 1983. Katika lugha hiyo ziko nambari 128 za kuita vyumba. Lakini chombo kimoja huhesabu kuanzia 0, kingine kuanzia 1. Unaita chumba cha 3, chaja cha 4! Si uchawi, ni hesabu tu. Jaribu kila nambari nyumbani.

SIKU YENYEWE

Fika mapema. Futa vumbi, kwa kuwa vumbi letu la kiangazi huingia kila tundu. Funika mashine kwa kitambaa safi wakati huitumii. Simama kwa viatu ulivyofanyia mazoezi. Weka alama ya rangi mbele ya pedali ya kunasa. Katika mashine nyingi taa nyekundu maana yake inanasa, na ya kijani maana yake inacheza. Usiku waweza kuitegemea, mchana katika jua kali usiitegemee.

Kipaza sauti kisielekee spika, ama sivyo mashine itanasa tena kile inachokicheza chenyewe. Na kila tabaka unaloongeza huongeza sauti, kwa hiyo punguza kidogo gitaa kadiri unavyoendelea. Tabaka tatu zilizo safi zashinda nane zenye kukwaruza.

Kama yupo mpiga ngoma, zima ngoma ya mashine, uweke spika ndogo karibu naye apate kusikia lupu. Maana mashine haimfuati mtu. Mtu ndiye aifuataye. Na hapo tujifunze jambo. Ziko nyimbo zetu ambazo kiongozi huziongeza mwendo watu wakipamba moto. Nyimbo hizo usizitie katika kitanzi kamwe. Mashine itabaki nyuma kama mkokoteni, na uzuri wote utakufa.

Tena kumbuka umeme. Ukikatika, au jenereta ikikosa mafuta, mashine hunyamaza, na lupu isiyohifadhiwa haipo tena. Mpangaji mwenye akili huwa amekwisha sema na wenzake: "Nikinyamaza, ninyi mwendelee." Wimbo ukiwa vinywani mwa watu, giza haliuzimi.

NA KANISANI?

Huenda mwalimu wa kwaya auliza: yafaa katika Misa? Yafaa akumbuke kwamba maagizo ya Roma juu ya muziki mtakatifu, ya tarehe 3 Septemba 1958, yalikataza katika ibada vinanda vya kujipiga vyenyewe, santuri, redio, na mashine za kunasa sauti. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango kwa vyombo vya mataifa mbalimbali, kwa idhini ya wakuu wa Kanisa, ukaagiza pia kwamba mapokeo ya muziki ya watu yaheshimiwe. Mashine ya lupu haikutajwa, kwa sababu haikuwapo. Lakini nia yaeleweka: katika Misa, waamini ndio waimbao. Asiiingize mtu kabla ya kumwuliza paroko wake. Mahali pake ni arusini, shuleni, na katika sherehe za kijiji.

JIBU LA BABA

Turudi kwa yule baba na kijana wake. Swali lake halikuwa la mtu asiyejua mambo ya kisasa. Aliona mbali. Kwa Wasukuma ngoma ni jambo la kundi. Wagika na Wagalu hawakushindana mtu mmoja mmoja. Walishindana umati kwa umati, na hata leo huko Bujora, karibu na Mwanza, sikukuu ya Bulabo huwaita watu kwa wingi. Kijana akisimama peke yake na kisanduku, akalipwa peke yake, huenda mwaka wa pili hatakuwa na mtu wa kumwitikia.

Lakini tena, si lazima iwe hivyo. Kijana asiye na mpiga ridhimu kijijini aweza kuitumia mashine kujifunzia solo jioni. Mwalimu wa kwaya aweza kuinasa sauti ya besi, akawafundisha wa sauti ya kwanza peke yao mpaka waijue. Katika arusi mashine yaweza kushika ridhimu tu, na wenzake wakapiga ngoma, wakaimba, wakapata sehemu yao ya malipo.

Basi baba huyo angeweza kujibu hivi: "Mwanangu, kwanza azima ya mtu mwezi mmoja. Ukiweza kuifunga mara kumi bila kuchechemea, na wenzako wakakubali kusimama nawe, njoo tuzungumze juu ya fedha."

Kijana akikubali sharti hilo, mashine itampata akiwa tayari. Asipolikubali, heri fedha zibaki zilipo. Mashine itarudia kila atakachoipa. Basi naye kwanza ajue anaipa nini.